Fidia ya Dawa za Opioidi Marekani: Fedha Zimepatikana, Mvutano Umehamia Kwenye Bajeti

Novemba 2025, Jaji Sean Lane wa mahakama ya shirikisho inayoshughulikia ufilisi jimboni New York aliidhinisha mpango unaohitimisha shauri la kampuni ya Purdue Pharma, watengenezaji wa vidonge vya OxyContin. Chini ya mpango huo, familia ya Sackler iliyokuwa ikiimiliki kampuni hiyo itatoa hadi dola bilioni 6.5 katika kipindi cha miaka 15, na kampuni yenyewe takriban dola milioni 900. Mpango wa awali ulikuwa umekataliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2024, kwa kura tano dhidi ya nne, kwa kuwa uliipa familia hiyo kinga dhidi ya madai ya watu ambao hawakuridhia kuitoa.

Kwa uamuzi huo, moja ya mashauri makubwa zaidi katika mgogoro wa dawa za opioidi limefika ukingoni. Jumla ya fedha ambazo watengenezaji, wasambazaji na wauzaji wa dawa hizo wamekubali kulipa imezidi dola bilioni 50. Sehemu kubwa kabisa inakwenda kwa serikali za majimbo, kaunti, miji na manispaa. Swali la nani alipe kwa hiyo limejibiwa kwa kiasi kikubwa. Lililobaki ni gumu vilevile, nalo linaamuliwa katika vikao vya bajeti ambavyo wananchi wengi hawavihudhurii: fedha hizo zitumike kwa jambo gani, na nani athibitishe kwamba zimetumika hivyo.

Opioidi ni jina la jumla la dawa zinazotokana na afyuni au zilizotengenezwa viwandani kwa mfano wake, zikiwamo mofini, heroini, oksikodoni, haidrokodoni na fentanili. Takwimu za Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani zinaonesha kuwa kati ya mwaka 1999 na 2023 watu wapatao 806,000 walifariki nchini humo kwa kuzidisha kipimo cha dawa za aina hiyo. Wimbi la kwanza lilianzia kwenye vidonge vilivyoandikwa na madaktari, likafuatiwa na heroini, kisha fentanili ya magendo, ambayo kiasi chake kidogo mno kinatosha kuua. Mashauri yaliyofunguliwa na serikali hizo yalidai kwamba kampuni zilitangaza vidonge hivyo kwa kuficha hatari ya uraibu, na kwamba wasambazaji walifumbia macho maagizo ambayo hayakulingana na idadi ya wagonjwa.

Mji mdogo wa Kermit, jimboni West Virginia, umekuwa ukitajwa mara nyingi katika suala hili. Mji huo una wakazi wapatao 400 tu, lakini duka moja la dawa lililoko hapo lilipokea karibu vidonge milioni 9 vya haidrokodoni katika muda wa miaka miwili. Habari hiyo, iliyoandikwa na gazeti la Charleston Gazette-Mail mwaka 2016, ilimpatia mwandishi wake, Eric Eyre, Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata.

Kiasi kinachotangazwa na kiasi kinachofika

Mkataba mkubwa zaidi ulitangazwa Julai 2021 na kukamilishwa Februari 2022. Wasambazaji watatu, McKesson, Cardinal Health na AmerisourceBergen, ambayo sasa inaitwa Cencora, walikubali kulipa hadi dola bilioni 21. Johnson & Johnson ilikubali kulipa hadi dola bilioni 5. Mwishoni mwa 2022 zikafuata kampuni nyingine: Walgreens kwa takriban dola bilioni 5.7, CVS bilioni 5, Teva hadi bilioni 4.25, Walmart bilioni 3.1 na Allergan hadi bilioni 2.37.

Tarakimu hizo ndizo zilizobeba vichwa vya habari, na kwa mwananchi anayefuatilia matangazo ya serikali ni rahisi kudhani kwamba fedha zote zimekwisha kuingia hazina. Hali ni tofauti. Wasambazaji wanalipa kwa awamu katika miaka 18, yaani hadi 2038. Kila malipo hugawanywa kwanza kati ya majimbo, kisha ndani ya jimbo kati ya serikali kuu ya jimbo na maelfu ya serikali za mitaa. Jiji kubwa linaweza kupokea mamilioni kwa mwaka, ilhali kaunti ndogo ya vijijini inapata kiasi kisichotosha hata mshahara wa mtaalamu mmoja wa tiba ya uraibu. Ndiyo maana baadhi ya kaunti ndogo zimeamua kuunganisha mafungu yao.

Malipo ya awamu yana hatari yake pia. Kampuni ya Mallinckrodt ilikubali kulipa dola bilioni 1.7 katika miaka minane. Mwaka 2023, ilipoingia katika ufilisi kwa mara ya pili, deni hilo lilipunguzwa kwa dola bilioni 1. Serikali ambazo zilikwisha kupanga bajeti kwa kutegemea fedha hizo hazikuwa na la kufanya.

Mgao kati ya majimbo ulipangwa kwa kuzingatia idadi ya watu pamoja na ukubwa wa madhara: watu waliofariki, watu wanaoishi na uraibu, na wingi wa dawa zilizopelekwa katika eneo husika. Kwa maneno mengine, kila aliyezikwa aliingia katika hesabu ya kile ambacho jimbo lake lingepokea. Jambo hili limezipa familia za waliofariki hoja nzito zinaposimama mbele ya madiwani, na ni hoja ambayo madiwani hawana jibu jepesi kwayo.

Kivuli cha tumbaku

Waliojadili mikataba ya opioidi walikuwa na mfano wa karibu wa kuepuka. Mwaka 1998, majimbo 46 yalifikia makubaliano na kampuni kubwa za sigara, yaliyokadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 206 katika miaka 25 ya mwanzo. Wananchi waliambiwa kuwa fedha hizo zingesaidia watu kuacha kuvuta sigara na kuwakinga vijana wasianze. Hata hivyo, mkataba haukuyalazimisha majimbo kufanya hivyo. Fedha zilitumika kuziba nakisi za bajeti na kujenga barabara. Majimbo kadhaa yaliuza haki ya malipo ya miaka ijayo kwa wawekezaji ili yapate fedha za haraka. Carolina Kaskazini, jimbo linalolima tumbaku kwa wingi, lilielekeza sehemu ya fidia katika kuisaidia sekta hiyohiyo ya tumbaku. Katika miaka ya karibuni, chini ya asilimia 3 ya mapato yatokanayo na fidia na kodi za tumbaku ndiyo inayotumika kwa kinga na kusaidia watu kuacha kuvuta.

Safari hii sharti liliandikwa. Mkataba wa wasambazaji na Johnson & Johnson unataka angalau asilimia 85 ya fedha zitumike kurekebisha madhara ya opioidi, na kiambatisho chake kinaorodhesha matumizi yanayokubalika. Miongoni mwake ni kusambaza naloksoni, dawa inayopuliziwa puani na kumrudishia pumzi mtu aliyezidisha kipimo. Tiba kwa kutumia buprenofini na methadoni, dawa ya pili ikiwa ni ileile inayotolewa katika kliniki iliyoanzishwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011. Huduma kwa wajawazito wenye uraibu na watoto wanaozaliwa na dalili za kukosa dawa. Matibabu kwa mahabusu na wafungwa. Kinga kwa vijana. Na huduma za kubadilishana bomba za sindano.

Orodha hiyo ni ndefu na maneno yake ni mapana, na hapo ndipo penye udhaifu. Polisi wanahusika na kuokoa watu waliozidisha kipimo, je, gari jipya la doria ni urekebishaji wa madhara? Mtu aliyewekwa mahabusu anaweza kuwa na uraibu, je, ukarabati wa jengo la mahabusu unahesabika? Baadhi ya serikali za mitaa zimejibu ndiyo na kununua magari, vifaa vya upekuzi na mitambo ya kukagua miili magerezani. Watetezi wa wagonjwa wanasema vitu hivyo vilipaswa kugharimiwa na bajeti ya kawaida ya ulinzi. Viongozi wa maeneo hayo wanajibu kwamba polisi, magereza na huduma za dharura ndio waliobeba gharama za janga kwa miaka 20, na kwamba nao wanastahili kufidiwa. Hoja zote mbili zinaweza kupata mstari wa kuziunga mkono ndani ya kiambatisho kilekile.

Lipo pengo jingine lisilozungumzwa sana. Mkataba wa kitaifa unazitaka serikali kutoa taarifa ya fedha ambazo hazikutumika kwa urekebishaji wa madhara. Hauzilazimishi kuwaeleza wananchi jinsi fedha nyingine zote zilivyotumika. Serikali inayoamini, au inayodai, kwamba matumizi yake yote ni halali haina cha kuripoti. Kiutendaji, ukaguzi wa awali umeachwa mikononi mwa anayekaguliwa.

Matokeo yameonekana. Uchunguzi uliofanywa na chombo cha habari cha KFF Health News kwa kushirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na shirika la Shatterproof, uliochapishwa Desemba 2024, ulibaini kuwa majimbo na serikali za mitaa yalipokea zaidi ya dola bilioni 6 katika miaka ya 2022 na 2023. Takriban theluthi moja ilikuwa imetumika au kupangiwa matumizi, na theluthi nyingine ilikuwa imehifadhiwa kwa ajili ya baadaye. Theluthi iliyobaki haikuweza kufuatiliwa kwa kutumia kumbukumbu zilizo wazi kwa umma.

Majimbo jirani, kanuni tofauti

Kwa kuwa mkataba wa kitaifa uliacha mengi kwa majimbo, kila jimbo liliandika utaratibu wake, na tofauti ni kubwa. Massachusetts inagawa asilimia 60 kwa mfuko wa jimbo na asilimia 40 kwa miji. Rhode Island, jimbo dogo, imebakiza asilimia 80 ngazi ya jimbo. Ni kutoka fungu hilo ndipo ilipotenga zaidi ya dola milioni 2.6 kwa ajili ya kituo kilichofunguliwa mjini Providence mwanzoni mwa 2025, ambako watumiaji wa dawa husimamiwa na wahudumu ili asife mtu. Kentucky, Michigan na New Jersey zimegawana nusu kwa nusu na serikali zao za mitaa.

Carolina Kaskazini inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Jimbo hilo linatarajia takriban dola bilioni 1.5 hadi mwaka 2038, na asilimia 85 zinakwenda moja kwa moja kwa kaunti zote 100 na manispaa 17. Ni uamuzi wenye hatari, kwa maana fedha zinapogawanywa kwa mikono mingi, ndivyo inavyokuwa vigumu kuzifuatilia. Jimbo lilikabili hatari hiyo kwa masharti. Kaunti inaweza kuchagua kutoka orodha fupi ya mikakati yenye ushahidi wa kisayansi, na hapo utaratibu ni mwepesi. Ikitaka kitu kilicho nje ya orodha fupi hiyo, ni lazima kwanza ifanye mchakato wa kupanga kwa kushirikisha wadau, wakiwamo watu wenye uraibu. Kwa vyovyote vile, hakuna dola inayotumika kabla ya baraza la kaunti kupitisha azimio linalotaja mkakati na kiasi, na matumizi yanawekwa kwenye tovuti ambayo mkazi yeyote anaweza kuifungua. Makubaliano hayo yalisimamiwa na Josh Stein alipokuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Tangu Januari 2025 ni gavana. Kwa jimbo lililotumia fidia ya tumbaku kuisaidia tumbaku, mabadiliko hayo si madogo.

Ohio ilichukua njia nyingine. Asilimia 55 ya fedha zinakwenda kwa taasisi binafsi isiyotengeneza faida, OneOhio Recovery Foundation, iliyogawanya jimbo katika kanda 19. Serikali za mitaa zinapata asilimia 30 na jimbo asilimia 15. Lengo lililoelezwa lilikuwa kuziweka fedha mbali na mikono ya wanasiasa wanaohitaji kuziba mapengo ya bajeti, na kumbukumbu ya tumbaku inalipa lengo hilo uzito. Lakini fedha zilizo mbali na wanasiasa zinaweza pia kuwa mbali na wananchi. Shirika la Harm Reduction Ohio lilipoomba nyaraka za taasisi hiyo lilikataliwa, kwa hoja kwamba si ofisi ya umma. Mei 2023, Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua kwamba taasisi hiyo inafanya kazi sawa na ofisi ya umma na inapaswa kufungua kumbukumbu zake. Baadaye bunge la jimbo liliandika masharti mapya ya taasisi hiyo ndani ya sheria ya bajeti, na mabishano kuhusu uwazi wake yakaendelea.

West Virginia, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na kiwango cha juu kabisa cha vifo kwa uwiano wa idadi ya watu, ilikwenda mbali zaidi katika mwelekeo huo. Asilimia 72.5 zimekabidhiwa West Virginia First Foundation, asilimia 24.5 serikali za mitaa, na asilimia 3 zinabaki chini ya Mwanasheria Mkuu. Bodi ya taasisi hiyo ina wajumbe 11: watano wanateuliwa na gavana na sita wanachaguliwa na kanda. Kermit ipo chini ya utaratibu huu. Wakazi wake hawaamui wenyewe sehemu kubwa ya fedha zinazotokana na vidonge vilivyoingia mjini kwao. Wanaamua kupitia mjumbe wa kanda.

Baltimore haikutaka kusubiri mgao wa mtu mwingine. Jiji hilo la Maryland lilijitoa katika mikataba ya kitaifa na kushitaki peke yake. Lilipata dola milioni 402.5 kwa makubaliano na kampuni mbalimbali, na Novemba 2024 baraza la wazee wa mahakama likaamuru McKesson na Cencora kulilipa dola milioni 266 zaidi. Mwaka 2025 jaji alishusha kiasi hicho hadi takriban dola milioni 52, na jiji likakubali. Hata baada ya pigo hilo, wachambuzi wengi wanaona Baltimore ilipata zaidi ya ambayo ingeyapata ndani ya mgao wa kitaifa. Majiji machache yana mawakili na uvumilivu wa kuiga mfano huo.

Fedha mpya, pengo la zamani

Mtihani mkubwa zaidi sasa unatokana na mabadiliko ya bajeti kuliko magari ya doria. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Julai 4, 2025 inapunguza matumizi ya Medicaid, mpango wa bima ya afya kwa watu wa kipato cha chini, ambao ndio mlipaji mkubwa wa tiba ya uraibu nchini humo. Majimbo yanaona pengo mbele, na yanaona akaunti ya fidia yenye fedha ndani yake.

New Jersey imetoa mfano wa mapema. Katika bajeti iliyosainiwa mwishoni mwa Juni 2025, bunge la jimbo lilielekeza dola milioni 45 za fidia kwa mitandao mikubwa ya hospitali. Waliounga mkono walisema hospitali hizo ndizo zinazowapokea waliozidisha kipimo usiku na mchana, na kwamba zinakabiliwa na upungufu wa Medicaid. Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Matthew Platkin, ambaye ofisi yake ilishiriki kuzipata fedha hizo, alipinga hadharani. Baraza la ushauri la jimbo lilikuwa limetumia muda mrefu kusikiliza wananchi na kupendekeza vipaumbele vingine. Uamuzi wa bajeti ulipita juu yake katika siku za mwisho za mjadala.

Kisheria, mikataba ya kitaifa haikatazi fedha za fidia kuchukua nafasi ya fedha zilizokuwa zikitolewa tangu awali. Kaunti iliyokuwa ikilipia kliniki ya methadoni kutoka bajeti yake ya kawaida inaweza kuilipia kwa fidia, kisha ikahamishia akiba kwenye jambo jingine kabisa. Katika vitabu, kila kitu kitaonekana sawa: fedha za opioidi zimetumika kwa opioidi. Mgonjwa anayefika kliniki atakuta viti vilevile na wahudumu walewale. Baadhi ya majimbo yameweka katazo la namna hiyo katika sheria zao, lakini kulithibitisha kunahitaji mkaguzi anayelinganisha bajeti za miaka kadhaa, na wakaguzi wa kiwango hicho si wengi katika kaunti za vijijini.

Shinikizo hilo linakuja wakati vifo vinapungua. Vifo vilivyotokana na kuzidisha kipimo cha dawa za aina zote vilishuka kutoka zaidi ya 105,000 mwaka 2023 hadi takriban 80,000 mwaka 2024. Ni nafuu ya kweli, na usambazaji mpana wa naloksoni unatajwa miongoni mwa sababu zake. Wasiwasi wa wataalamu wa afya ni kwamba takwimu hiyo itageuzwa kuwa hoja ya kuhamisha fedha kwa madai kwamba janga limekwisha. Nafuu hiyo haikuenea kwa usawa: katika jamii za Wenyeji wa asili wa Marekani na za Wamarekani Weusi, viwango vya vifo vilichelewa kushuka.

Lipo suala moja ambalo matangazo ya viongozi hayalisemi waziwazi mara nyingi. Katika mikataba ya wasambazaji, Johnson & Johnson na maduka ya dawa, hakuna fungu la mtu mmoja mmoja. Mzazi aliyempoteza mwanawe kwa vidonge hapati hundi. Fidia yake, kama ipo, ni huduma ambazo kaunti yake itaamua kuzigharimia. Mpango wa Purdue unatofautiana kidogo, kwa kuwa umetenga takriban dola milioni 865 kwa ajili ya watu binafsi. Ili kuzipata, mdai anatakiwa kuonesha ushahidi wa kuandikiwa dawa za kampuni hiyo, na wengi waliandikiwa zaidi ya miaka 20 iliyopita, katika maduka ambayo hayapo tena au hayakutunza kumbukumbu.

Kwa familia hizo, kikao cha baraza la kaunti ndicho kilichobaki. Katika Carolina Kaskazini, azimio la matumizi linasomwa hadharani kabla ya kupigiwa kura, na mkazi anaweza kuuliza kwa nini fungu fulani limewekwa palipowekwa. Katika majimbo mengine mengi, mkazi huyo anayasoma matumizi baada ya fedha kwisha kutoka, pale ambapo taarifa imechapishwa.